Slaking angekuwa hana uvivu, nani angemzuia?

MASHABIKI wa soka wanalijua vizuri zoezi hili. Mpe Andrea Pirlo mapafu ya N'Golo Kanté. Mpe Peter Crouch kasi ya Kylian Mbappé. Ubishi unaanza kijiweni asubuhi, chai inapoa, na hadi jua linazama hakuna aliyekubali kushindwa.

Basi kwa wapenzi wa Pokémon, mchezo wa kompyuta ulioanzia Japani mwaka 1996, ubishi wa namna hiyo ndo chakula cha kila siku. Viumbe wamefika zaidi ya 1,000. Kila mmoja ana asili yake, iwe moto, maji, umeme, mzuka au nyingine kati ya asili 18 zilizopo. Ana kipaji kimoja, na anaingia uwanjani na mapigo yasiyozidi manne. Maji yanazima moto, moto unaunguza majani, na ardhi inammaliza wa umeme.

Kwenye Kombe la Dunia la mchezo huo, mchezaji anakuja na kikosi cha viumbe sita, anapanga wanne, na wanapigana wawili kwa wawili. Nje ya uwanja ndipo ndoto zinapoanza: kipaji cha huyu kikihamia kwa yule, nani atabaki salama?

Fundi anayelala

Jina la kwanza kwenye ubishi huo huwa ni Slaking, jitu lenye sura ya sokwe aliyejilaza ubavu. Alitambulishwa mwaka 2002 kwenye matoleo ya Ruby na Sapphire. Ukijumlisha uwezo wake wote, yaani uhai, nguvu, ulinzi na kasi, unapata pointi 670. Hizo ni sawasawa na za Groudon na Kyogre, miamba iliyopamba majalada ya matoleo hayohayo.

Sasa kwa nini si kila mtu anamchezesha? Kipaji chake kinaitwa Truant, nacho ni uvivu mtupu. Akipiga zamu hii, zamu inayofuata anapumzika. Ni kama straika anayefunga bao kali dakika ya kwanza, halafu anakaa chini katikati ya uwanja huku wapinzani wakimpita.

Ndiyo maana mashabiki wanaota Slaking asiye mvivu, na mwaka 2019 ndoto hiyo ilipata mlango. Katika matoleo ya Sword na Shield, Weezing alipewa kipaji cha Neutralizing Gas. Akiwa uwanjani, gesi yake inazima vipaji vya viumbe wengine. Mpange Weezing pembeni ya Slaking na uvivu unazimika hapohapo.

Lakini bei yake ipo. Weezing anakula nafasi moja uwanjani, na mpinzani mwenye akili hahangaiki na jitu. Anamshambulia Weezing kwanza. Akianguka, gesi inakata na Slaking anarudi usingizini.

Uhai mmoja tu

Ndoto ya pili ndiyo tamu zaidi. Shedinja, naye wa 2002, ni ganda tupu la mdudu lililopata uhai. Ana pointi moja tu ya uhai, moja kabisa, hata umkuze vipi. Anachokitegemea ni kipaji cha Wonder Guard: pigo lisilogusa udhaifu wa asili yake halimwingii.

Yeye mwenyewe ana udhaifu wa asili tano, zikiwemo moto na mwamba, kwa hiyo anaanguka kirahisi. Ila kijiweni swali likazuka: Wonder Guard akipewa mtu asiye na udhaifu inakuwaje?

Wakati huo watu hao walikuwepo. Sableye, na baadaye Spiritomb wa mwaka 2006, walichanganya asili ya mzuka na ya giza, na hapakuwa na asili hata moja iliyowazidi. Ukiwapachika Wonder Guard, umejenga goli lenye ukuta badala ya wavu.

Watengenezaji waliliona hilo mapema. Pigo la Skill Swap, linalobadilishana vipaji, waliliwekea kufuli lisiguse Wonder Guard. Wajanja wakachakachua mchezo na kumpachika Spiritomb kipaji hicho kwa njia za panya, wakaingia naye kwenye mechi za mtandaoni. Mwaka 2013, matoleo ya X na Y yakaleta asili mpya ya Fairy, na Sableye na Spiritomb wakapata udhaifu kwa mara ya kwanza.

Mashabiki hawakukata tamaa. Kiumbe wa umeme ana udhaifu mmoja tu, nao ni ardhi. Mpe Wonder Guard, mshikishe puto la Air Balloon limwinue ardhini, na mlango huo nao umefungwa. Mwenye hoja anatabasamu, mpaka mwenzake anapouliza, "Na sumu je?" Sumu inapenya Wonder Guard kiroho safi. Ubishi unaanza upya.

Ndoto ilipotimia

Kuna wakati watengenezaji wenyewe walitoa balaa ambalo mashabiki wangeliota. Kangaskhan ni mama anayebeba mtoto kwenye mfuko wa tumbo. Katika X na Y alipata umbo la Mega na kipaji cha Parental Bond: mama akipiga, mtoto naye anapiga, kwa nusu ya nguvu ya mama.

Tatizo likawa pigo la Power-Up Punch, ambalo kila likitua linampandisha mpigaji nguvu hatua moja. Kwa mama na mwana linatua mara mbili, na zamu moja tu inatosha nguvu za mama kuwa maradufu. Mwaka 2016, kwenye Sun na Moon, pigo la mtoto likashushwa hadi robo.

Mwingine ni Mega Rayquaza wa mwaka 2014, mwenye pointi 780. Jumuiya ya wachezaji ya Smogon ina daraja linaloitwa Ubers, kunakopelekwa waliofungiwa kwa kuzidi nguvu. Rayquaza akafungiwa hata huko. Ikabidi lianzishwe daraja jipya la Anything Goes, kwa maana ya kila kitu ruksa.

Kindi wa Washington

Mwaka huohuo wa 2014, fainali za dunia zilipigwa Washington, Marekani. Se Jun Park wa Korea Kusini alitua na kikosi chenye Gyarados na Garchomp, majina yanayoeleweka. Katikati yao akampanga Pachirisu, kindi mdogo wa umeme mwenye pointi 405 tu.

Hakuwa utani. Pachirisu alikuwa na pigo la Follow Me, linalovuta mashambulizi ya wapinzani yamwendee yeye. Kipaji chake, Volt Absorb, kinageuza pigo la umeme kuwa dawa ya kumrudishia uhai. Gyarados, ambaye umeme unamuua mara nne ya kawaida, akapata mlinzi: radi ikirushwa, kindi anaivuta na kuinywa.

Kwa lugha ya soka, alikuwa Claude Makelele. Real Madrid walimwachia kwenda Chelsea mwaka 2003, majira yaleyale waliyomleta David Beckham. Nyota walijaa tele Bernabeu, lakini taji la ligi halikurudi hadi 2007.

Park alimfunga Mmarekani Jeudy Azzarelli kwenye fainali na kubeba ubingwa wa dunia. Katika ubishi wote wa miungano hatari hakuna aliyekuwa amemtaja kindi, kwa sababu kijiweni watu wanahesabu mabao, hawahesabu mipira iliyozuiwa.

Na Slaking? Bado ana pointi zake 670, na zamu ijayo bado atakuwa amelala.