Niliuza papa potwe mwezi wa nane: unayotakiwa kujua kabla hujaanza kuuza safari za Mafia

Wengi mmenifuata inboksi mkiuliza hii biashara ya kuuza safari za Mafia inaendaje, inalipa au hailipi, na mtu asiye na ofisi anaanzia wapi. Nimeona nijibu mara moja, na nianze na aibu yangu mwenyewe maana ndiyo iliyonifundisha.

Mimi ni muuza vijora na kanga mtandaoni, na hadi leo nauza. Kuna mteja wangu aliwahi kuposti picha yupo Mafia, anaogelea pembeni ya papa potwe, yule samaki mkubwa mwenye madoa meupe. Komenti zilimiminika. Nikajiambia, hawa wote ni wateja. Nikaokota picha kali huko mtandaoni, nikaandika: "Mafia siku 3 usiku 2, ogelea na papa potwe, nafasi 10 tu." Nikaweka stetasi. Ndani ya siku nne watu tisa wamelipa. Kwenye vijora sijawahi kuona hela inaingia kwa kasi ile.

Ilikuwa mwezi wa nane.

Anayeijua Mafia hapo ameshacheka. Papa potwe wanasogea karibu na ufukwe wa Kilindoni kuanzia kama mwezi wa kumi hadi wa pili, wakati mwingine wa tatu, wakifuata uduvi na vijidudu vingine vya baharini. Watafiti waliowafunga vifaa vya kuwafuatilia waligundua kwamba wapo wengi wasiohama kabisa. Miezi mingine wanakaa mbali na pwani, chini zaidi. Sasa mwambie hivyo mtu aliyelipa ili aone. Kwake samaki aliye mbali na chini ni samaki ambaye hayupo.

Tulitoka na boti asubuhi, kusi linavuma, bahari imechafuka. Tumezunguka saa mbili na nusu, watatu wanatapika, hakuna kitu. Jioni nikawekewa kikao pale gesti. Dada mmoja akaniambia kwa upole kabisa: "Hili ni kama dera la online, picha nyingine, mzigo mwingine." Iliniuma, kwa sababu ni mimi ninayewasema hapa kila siku wauzaji wa namna hiyo.

Nahodha aliyetubeba, mzee wa makamo, alikuwa amekaa pembeni anasikiliza. Wateja walipotawanyika akaniita. "Mwanangu, mbona hukuuliza kabla hujawaleta watu? Huu mwezi wa kasa."

Sikujua hata anaongelea nini. Kumbe kwenye kisiwa cha Juani, upande unaotazama bahari kuu, kasa wanataga, na vifaranga wanatoka kwenye viota kati ya mwezi wa sita na wa tisa hivi. Wapo wanakijiji wanaolinda viota na kuhesabu siku, kwa hiyo wanajua kiota kipi kinakaribia. Kesho yake niliwaomba wateja samahani, nikawaambia habari ya kasa. Wanne wakakubali. Watano wakasema wao wanataka hela yao, hawataki hadithi nyingine.

Tulienda Utende, tukavuka kwa mashua hadi Juani, tukatembea kukata kisiwa mpaka upande wa pili. Jua limelegea. Mlinzi wa kiota akafukua mchanga taratibu, wakaanza kutoka: wadogo wa kutosha kiganjani, ingawa hairuhusiwi kuwashika, kila mmoja anakimbilia maji kama ameitwa. Kwenye kundi letu kulikuwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu. Alikaa chini kwenye mchanga, machozi yanamtoka. Akasema yeye ni mtoto wa Kilwa, utotoni amekula mayai ya kasa na nyama yake, lakini hajawahi kuwaona wakitoka ardhini.

Wale watano niliwarudishia laki moja na kumi kila mmoja. Laki tano na nusu, imetoka kwenye mtaji wa vijora. Nilikaa bila mzigo mpya karibu miezi mitatu. Na kilichoniuma zaidi si hela. Ni kwamba bidhaa nzuri ilikuwepo Juani muda wote, mimi nimetangaza isiyokuwepo.

Kwa hiyo jambo la kwanza: kwenye safari za Mafia unachouza ni mwezi. Kisiwa ni kilekile, ila kila msimu una bidhaa yake. Mwezi wa kumi hadi wa pili uza papa potwe na uzamiaji, maji yanakuwa safi zaidi na kaskazi ni jepesi kuliko kusi. Mwezi wa sita hadi wa tisa uza kasa, na kuanzia wa saba au wa nane kuna nyangumi wanaopita. Mwezi wa nne na wa tano ni masika, hoteli nyingi za Utende zinafunga. Mimi miezi hiyo narudi kwenye vijora na sitangazi safari hata kidogo. Na hata kwenye msimu wenyewe, usimwandikie mteja "utaona". Andika "tunaenda kutafuta". Mnyama hana mkataba na wewe.

Sasa usafiri, hapa ndipo maswali mengi yanapotoka. Njia ni mbili. Ya kwanza ni ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, inatua Kilindoni kwenyewe. Ukikaa vizuri dirishani unaona delta ya Rufiji yote imetandikwa mikoko. Ni safari ya dakika 30 hadi 45. Mteja mwambie mapema kwamba ndege hizi nyingi zinaruhusu kilo 15 tu, na begi liwe laini. Nimeshuhudia bi harusi anafungua sanduku uwanja wa ndege anagawa viatu kwa ndugu waliomsindikiza.

Ya pili ni barabara hadi Nyamisati, halafu chombo. Unapanda gari Mbagala Rangi Tatu, unaelekea kusini, unaacha lami ya Kilwa pale Bungu unashuka hadi bandarini Nyamisati. Pale kuna kivuko cha serikali, MV Kilindoni, na boti nyingine za watu binafsi. Baharini hesabu kama saa nne, na muda wa kuondoka unafuata maji kujaa na kupwa, si saa ya ukutani. Leo chombo kinaweza kutoka alfajiri, wiki ijayo kikatoka mchana. Usichapishe muda kwenye tangazo. Piga simu bandarini siku moja kabla, ndipo uwatumie wateja.

Na hapa niseme kwa msisitizo: usimuuzie mtu wa chombo tarehe ya kurudi iliyogusana na kazi, mtihani au ndege ya kwenda nje. Bahari ikikataa, imekataa. Mimi nilishakaa Kilindoni siku mbili za ziada na watu saba, mmoja wao anatakiwa kazini Jumatatu, na simu za bosi wake zikawa zinakuja kwangu kana kwamba mimi ndiye ninayevumisha upepo. Tangu siku hiyo kila safari ya chombo naiwekea siku moja ya akiba, na gharama ya malazi ya siku hiyo naiandika kabisa kwenye bei. Ikitumika sawa, isipotumika namrudishia mteja. Kurudishiwa hela na muuzaji wa mtandaoni bila kudai! Watu wanaposti wenyewe, hunihitaji kulipia tangazo.

Kuhusu aina za wateja, niliacha kuuza kifurushi kimoja kwa wote. Vijana wa bajeti nawapeleka kwa Nyamisati, wanalala gesti Kilindoni, wanakula samaki sokoni, msimu wa papa potwe wanachangia boti. Wanaridhika na wanapiga picha kuliko wote. Wanandoa hawa usiwaweke Kilindoni, mji una pikipiki na harufu ya dagaa. Wapeleke Utende, kama kilomita 15 kwa barabara, kwenye ghuba ya Chole. Hapo unaingia eneo la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, na kuna ada ya kiingilio inayohesabiwa kwa siku. Raia na mgeni wa nje hawalipi sawa. Usiifiche ada hii ndani ya maneno "gharama ndogondogo", mteja ataikuta getini na atakuona tapeli.

Wenye watoto nawapa kisiwa cha Chole. Kuvuka ni dakika chache tu kwa mashua, kisiwa unakizunguka kwa miguu, kuna popo wakubwa wananing'inia mitini mchana kweupe, kuna mafundi wa majahazi, kuna magofu ya mji wa zamani uliokuwa makao ya utawala enzi za Waarabu na Wajerumani kabla mambo hayajahamia Kilindoni. Mtoto hachoki na baba haishiwi hela.

Halafu kuna kundi ambalo wauzaji wengi mnalipita: watu wazima wanaopenda historia, na ndugu zetu walioko Muscat na kwingine huko Ghuba ambao babu zao walitoka visiwa hivi. Hawa hawaulizi papa potwe. Wanauliza Kua. Ni magofu ya mji mzima kule Juani, misikiti, makaburi na jumba kubwa, mji ulioangamizwa na wavamizi wa Kisakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Mteja wangu mmoja wa Muscat alilipia wazazi wake kwenda huko, akaniomba kitu kimoja tu: mtembezi awe mzee wa Juani anayezijua hadithi, asiwe kijana aliyekariri. Nilimtafutia. Ila Kua nayo ina masharti ya maji. Mashua inakaribia wakati maji yamejaa. Ukikosea unawatembeza wazee wa miaka 70 kwenye tope la mikoko. Muulize nahodha siku za bamvua na za maji mafu kabla hujapanga tarehe.

Kabla ya kupokea hata shilingi, natuma maswali manne: Unaenda mwezi gani? Lazima uwe umerudi tarehe ngapi? Unajua kuogelea? Unataka kuona nini zaidi? Hilo la kuogelea msilidharau. Wateja wetu wengi wa Dar na bara hawajui, na wanaona aibu kusema mpaka wako juu ya boti. Asiyejua anabaki na jaketi la kuokolea na anamwona papa potwe akiwa botini, na anamwona vizuri tu. Nikifika ufukweni nikakuta boti haina majaketi ya kutosha watu wote, siondoki. Nilishapoteza siku nzima kwa sababu hiyo na sijutii. Kwa wanaoingia majini, waambie mapema: hakuna kumgusa, hakuna kumzuia kwa mbele, unakaa mbali naye mita kadhaa. Kuna wanaodhani wamelipia kumpanda mgongoni.

Suala la leseni. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka anayefanya biashara ya utalii awe na leseni, na kurasa za kuuza safari bila leseni zinafuatiliwa. Baada ya ile safari ya kasa niliacha kupokea hela za safari kwenye namba yangu. Nina makubaliano ya maandishi na kampuni ndogo yenye leseni, mteja analipa kwao, risiti inatoka kwao, mimi napata kamisheni yangu mteja akisharudi salama. Ndiyo, faida kwa kichwa ni ndogo kuliko kujifanya kampuni. Lakini nalala. Na wewe kabla hujashirikiana na yeyote, omba kuona leseni yenyewe na iwe ya mwaka huu. Picha ya WhatsApp ya miaka mitatu nyuma haitoshi.

Kingine ambacho kinanilipa kimyakimya: kila anayelipia safari namtumia orodha ya vitu vya kubeba, na vingi vipo dukani kwangu. Kanga mbili, kijora chepesi, begi laini. Mafia ni kisiwa cha Waislamu wengi, mgeni akipita Kilindoni na chupi ya kuogelea anaudhi watu, kwa hiyo kanga ni heshima kwanza, biashara baadaye. Wakirudi wananiulizia mikeka ya akina mama wa kule. Hiyo naagiza kwa oda tu, silundiki.

Wanaouliza mtaji: mimi nilianza upya na hela ya safari yangu mwenyewe. Nilikwenda kama abiria, kwa Nyamisati, nikakaa siku tano, nikalala sehemu tatu tofauti, nikapiga picha zangu kwa simu yangu, kila picha nikaandika tarehe. Ndizo ninazotumia hadi leo. Mteja akiuliza mwezi wa saba, namtumia picha za mwezi wa saba, na bahari yake iliyochafuka na yote.

Yule mwalimu mstaafu alinipigia juzi. Anataka nafasi nne, anawaleta wajukuu. Nikamuuliza mwezi gani, akacheka, akasema wa nane.