Toa Betri Kwanza: Usalama wa Misumeno ya Betri na Chaja Zake

Katika karakana za Keko jijini Dar es Salaam na Gikomba jijini Nairobi, msumeno wa betri ni zana ya kila siku. Fundi hupanda nao kwenye kenchi bila kuburuta waya, hukata mbao kwenye kiwanja ambacho bado hakijavutiwa umeme, na umeme ukikatika mtaani kazi yake haisimami. Faida hizo ni za kweli, na hakuna sababu ya kumrudisha fundi kwenye waya.

Hata hivyo, waya ulipoondoka, plagi nayo iliondoka. Fundi akichomoa plagi ukutani, yeye na kila aliye karibu wanaona kwamba msumeno hauwezi tena kuwaka. Msumeno wa betri hauna ishara hiyo. Maadamu betri imo ndani, uko tayari kukata, uwe umelazwa mezani, umeshikwa na mtoto, au umo kwenye begi la zana juu ya bodaboda. Tena hatari yake haiishii kwenye meno. Betri yenyewe ni ghala la nishati, na ikichajiwa vibaya inaweza kuunguza nyumba watu wakiwa usingizini.

Kilichomo ndani ya betri

Kampuni ya Black & Decker ya Marekani ilitoa drili ya kwanza isiyo na waya mwaka 1961, kwa betri za nikeli na kadimiamu. Zilikuwa nzito na ziliisha haraka. Betri za ioni za lithiamu zilianza kuuzwa na Sony ya Japani mwaka 1991, na kuanzia mwaka 2005 zikaingia kwenye zana nzito za ufundi. Wanasayansi watatu walioweka msingi wa betri hizo, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019.

Ukifungua kasha la betri ya msumeno, kazi ambayo haikuhusu kama wewe si fundi wa betri, utakuta seli za duara. Zilizozoeleka zaidi zina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kila seli hutoa wastani wa volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika volti 4.2. Hapo ndipo mwisho wake. Seli 5 zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa volti 18 za wastani, au volti 21 zikiwa zimejaa. Kwa hiyo betri iliyoandikwa 18V na ile iliyoandikwa 20V au 21V kwa kawaida zina idadi ileile ya seli, ila muuzaji mmoja ametaja wastani na mwingine ametaja kilele.

Betri ya volti 18 yenye uwezo wa ampea-saa 5 hubeba wati-saa 90. Nishati hiyo inatosha kuchemsha lita moja ya maji. Ikitoka polepole, inakata mbao za siku. Ikitoka yote kwa mkupuo, ni moto, na hapo hatujahesabu kimiminika kilichomo ndani ya seli, ambacho nacho huwaka.

Soma namba kabla ya kuchomeka

Kosa linaloanzisha mioto mingi ni dogo: chaja isiyo ya betri ile. Chaja nyingi za bei nafuu zina kichwa cha duara cha ukubwa uleule, hivyo huingia kwenye betri za aina mbalimbali. Kuingia si kufaa.

Fanya hesabu hii. Betri ya seli 3 hujaa kwa volti 12.6, ya seli 4 kwa volti 16.8, na ya seli 5 kwa volti 21. Ukichukua chaja ya volti 21 ukaichomeka kwenye betri ya seli 3, kila seli inasukumiwa volti 7 wakati mwisho wake ni 4.2. Saketi ya ulinzi ndani ya betri, kama ipo na ni nzima, itakata umeme. Betri iliyoundwa upya mtaani kwa seli kuukuu za kompyuta inaweza kuwa haina saketi hiyo kabisa, na hapo seli hujaa kupita kiasi hadi ziwake.

Kwa hiyo geuza chaja usome neno OUTPUT na namba inayolifuata. Namba hiyo ilingane na ile inayotajwa kwenye betri au kwenye kijitabu cha zana. Usiamini maandishi makubwa yaliyoko ubavuni mwa betri. Sokoni zipo betri zilizoandikwa 48VF, 88VF, hata 128VF, na nyingi kati yake ndani zina seli 5 tu, yaani volti 21. Herufi na namba hizo ni za kuuzia, si kipimo.

Kisha soma neno INPUT. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni volti 240. Japani hutumia volti 100 na Marekani volti 120. Zana za mtumba kutoka nchi hizo huweza kuja na chaja za kwao. Chaja ikiwa imeandikwa 100-240V, haina shida, inahitaji adapta ya plagi tu. Ikiwa imeandikwa 100V au 120V peke yake, adapta ya plagi haitaiokoa, maana haipunguzi volti. Chaja hiyo itaungua, pengine na kilicho karibu nayo.

Joto ndilo adui

Ndani ya seli, pande mbili zenye chaji hutenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Seli ikipata joto kali, utando huo huyeyuka, kwa kawaida ifikapo nyuzi joto 130 hivi. Pande mbili zikigusana, joto huongezeka lenyewe bila kuhitaji umeme wa nje, na seli moja huwasha ya jirani. Ndiyo maana kuchomoa chaja baada ya moshi kuanza hakuzimi moto.

Watengenezaji wengi huagiza betri ichajiwe kwenye joto lisilozidi nyuzi 40 hivi. Chini ya paa la bati lisilo na dari, saa nane mchana, kiwango hicho ni rahisi kupita. Chajia mahali penye kivuli na hewa, asubuhi au jioni. Betri iliyotoka kukata mbao ngumu iache ipoe kwanza mpaka ukiishika isiunguze kiganja. Usiiache ndani ya gari lililofungwa juani.

Weka chaja juu ya sakafu ya saruji au vigae. Usiiweke juu ya godoro, kochi, rundo la randa za mbao wala karibu na makopo ya vanishi na thina. Usichaji usiku watu wakiwa wamelala, na kamwe usichajie mlangoni, maana moto ukianzia hapo njia ya kutokea inazibwa. Taa ya chaja ikigeuka kijani, toa betri.

Betri iliyovimba, iliyopasuka, iliyoingia maji au inayotoa harufu tamu ya kemikali imekwisha kazi. Usiijaribu tena hata mara moja. Betri iliyokaa miezi mingi ikiwa imeisha kabisa nayo ni ya kuogopa. Shaba huyeyuka taratibu ndani yake, na siku ya kuichaji huweza kujifunga yenyewe kwa ndani. Ukitaka kuiweka muda mrefu, iache ikiwa na chaji kiasi cha nusu. Usiitupe kwenye jalala wala kuichoma. Funika vichwa vyake kwa utepe wa plastiki na umpelekee mkusanyaji wa taka za elektroniki. Na betri nzima usiichanganye na misumari au skrubu mfukoni, kwa sababu msumari mmoja ukigusa vichwa viwili unatosha kuwasha cheche.

Moto ukitokea

Zima swichi ya ukutani au ya kuu, kama unaweza kuifikia bila kupita kwenye moshi. Toa watu nje, kisha funga mlango. Moshi wa betri za lithiamu una sumu, ikiwamo gesi ya floridi ya hidrojeni inayounguza mapafu, hivyo usibaki ndani ukipambana nao. Tanzania piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kenya piga 999 au 112.

Mchanga na mtungi wa kuzimia moto wenye unga huzima miali ya moto, lakini havipoozi seli, na betri huweza kuwaka tena baada ya dakika chache. Kinachopooza ni maji mengi. Yatumie tu baada ya umeme wa ukutani kukatwa, ukiwa umesimama mbali, mahali penye hewa.

Kasi ya meno

Chukua msumeno wa duara wenye diski la milimita 165 linalozunguka mara 5,000 kwa dakika. Ncha za meno yake hukimbia karibu kilomita 155 kwa saa. Diski likiwa na meno 24, meno 2,000 hupita mahali pamoja kila sekunde. Mwanadamu huhitaji karibu sehemu moja ya tano ya sekunde ili mkono uitikie anachokiona. Katika muda huo meno 400 yameshapita. Hakuna fundi mwepesi kiasi cha kuushinda msumeno. Usalama wake hutokana na jinsi alivyojipanga kabla ya kubonyeza.

Ajali kubwa ni msumeno kuruka. Ubao ukishikiliwa ncha mbili na kukatwa katikati, hupinda na kulibana diski. Diski likibanwa, nguvu yote inarudi kwa msumeno, nao huruka juu na nyuma kumwelekea fundi. Diski butu, mbao mbichi na kupindisha msumeno katikati ya mkato huleta balaa lilelile. Egemeza ubao karibu na mstari wa kukata, acha kipande kinachokatwa kianguke chenyewe, na ubane ubao kwa klampu badala ya goti. Simama pembeni ya mstari wa diski. Rekebisha kina ili meno yatokeze chini ya ubao kwa urefu wa jino moja tu.

Kava la chini hurudi lenyewe kwa springi ili kufunika diski mkato ukiisha. Wapo wanaolifunga kwa waya libaki wazi, wengine huziba kitufe cha usalama kwa utepe wa gundi. Diski huendelea kuzunguka kwa muda baada ya kuachia kitufe, na bila kava kitu cha kwanza litakachokigusa ni paja.

Kuna tabia nyingine inayokata watu vibaya: kufunga diski la meno la kukatia mbao kwenye grinda. Grinda ya betri yenye diski la milimita 115 inaweza kuzunguka mara 8,500 kwa dakika, yaani ncha ya jino kukimbia kilomita 184 kwa saa. Kava lake halikuundwa kwa meno, na grinda nyingi zina swichi inayobaki imewashwa hata chombo kikiponyoka mkononi. Meno yakinasa kwenye mbao, grinda huruka usoni au shingoni. Grinda ni ya chuma na mawe. Mbao zina msumeno wake.

Vumbi na kelele

Madhara mengine hayatoi damu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, hasa ya pua na mapango yake. Vumbi la mvule na la mpingo linajulikana pia kuwasha ngozi, na la mvule huleta pumu. Vaa barakoa ya vumbi iliyobana vizuri, na miwani ya kinga.

Kuhusu masikio, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, hushauri kelele za desibeli 85 zisizidi saa 8 kwa siku. Zikifika 100, kiwango ambacho msumeno wa duara unaweza kukifikia, muda salama hushuka hadi dakika 15. Viziba masikio vina bei ndogo, na usikivu ukipotea kwa kelele haurudi.

Kidole kikikatika

Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, na uinue mkono juu ya kifua. Kidole kilichokatika kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiweke ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo uutie kwenye maji yenye barafu. Barafu isikiguse kidole moja kwa moja, maana huua nyama. Kimbilia hospitali kubwa na kidole chako. Januari 2018, madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta waliunganisha tena mkono uliokatwa na mashine ya kukatia majani ya mifugo, kwa hiyo usikate tamaa wala kukitupa. Hata jeraha dogo la msumeno lipelekwe kituo cha afya ili upate chanjo ya pepopunda.

Watu husema ajali haina kinga. Ajali hizi zinayo. Mwenye karakana, sheria za usalama na afya kazini, ya mwaka 2003 nchini Tanzania na ya mwaka 2007 nchini Kenya, zinakudai wewe umpe kijana wako miwani na viziba masikio, tena bila kumkata ujira. Fundi, kabla ya kubadilisha diski, kusafisha, kubeba msumeno au kwenda kula, toa betri. Mfundishe na anayejifunza kazi kwako afanye hivyo tangu siku ya kwanza, kabla hajajua kukata ubao mmoja.