Je, Wajua? Miti ya Umma, Kutoka Korogwe Hadi Handeni

Je, wajua kwamba Handeni hunywa maji ya Korogwe? Mradi wa maji wa HTM (Handeni Trunk Main), uliojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, huchota maji Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni. Mti ukikatwa kingoni mwa Pangani, tope huingia kwenye maji ambayo mama wa Handeni anayasubiri na ndoo yake.

Je, wajua kwamba sheria imeulinda ukingo huo? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Kwangu mimi, hapo ndipo mche wa kwanza wa fedha za umma unapopaswa kwenda, kabla ya bustani ya ofisi yoyote.

Je, wajua kwamba wilaya hizi mbili zina halmashauri nne? Kila moja ina ya wilaya na ya mji. Serikali imeagiza kila halmashauri nchini ipande miti isiyopungua milioni 1.5 kwa mwaka, kwa hiyo hapa tunazungumzia milioni 6. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja huingia miche 1,111. Piga hesabu: zinahitajika kama hekta 5,400, kila mwaka! Kando ya barabara za mjini pekee hapatoshi hata kidogo. Lazima ziingie shule, zahanati, misikiti, makanisa na nyua za watu.

Je, wajua kwamba Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni Aprili 1? Kwetu mvua za masika huwa zimeshaanza. Ukingoja hadi Juni, umechelewa.

  

Je, wajua kwamba kiriba huua mche? Tazama siku ya sherehe: mgeni anapokea mche, anaushusha shimoni, picha inapigwa, udongo unarudishwa. Nailoni nyeusi imebaki humo humo. Mizizi inazunguka ndani kama kamba iliyoviringishwa, haipati pa kutokea, na kiangazi kikifika majani yanakauka kuanzia nchani. Kipasue kiriba kwa wembe, kitoe chote, na donge la udongo lisivunjike. Kisha chimbia kando ya mche chupa ya plastiki iliyotobolewa kitako kwa msumari. Ukiijaza, maji yatachuruzika polepole hadi mizizini.

Je, wajua kwamba Sheria ya Misitu ya 2002 ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Misitu Tanzania? Ni fedha za umma, na wananchi wanaweza kuomba ruzuku yake. Ulizeni kwa ofisa misitu wenu.

Taarifa nyingi hutaja miche iliyopandwa. Idadi yenye maana ni ya iliyopona, na ihesabiwe Septemba, jua likiwa limekwisha kufanya kazi yake.

Msomaji wa Handeni, msomaji wa Korogwe: ule mche uliopandwa shuleni mtaani kwako masika iliyopita uko wapi? Nenda ukautazame leo. Ukiukuta unasinyaa, umwagilie ndoo moja jioni.