Kilwa Ndani ya Kurasa, Kilwa Juu ya Mwamba

Mgeni anayefika Kilwa Kisiwani bila kusoma chochote huona magofu mazuri kando ya bahari, akapiga picha zake, akarudi kwenye mashua. Mpenzi wa vitabu hufika kisiwa hichohicho akaukuta mji: anajua nani alitoka mlango upi, chumba kipi kilikuwa ghala, na kwa nini ukuta fulani umepindwa.

Safari yake huanza na Ibn Battuta. Msafiri huyo mzaliwa wa Tangier, Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331. Miaka mingi baadaye alimsimulia mwandishi Ibn Juzayy safari zake, na kitabu kikakamilika mwaka 1355. Habari za Kilwa humo ni fupi mno, lakini zina kisa kisichosahaulika. Siku ya Ijumaa, Sultani Hasan bin Sulaiman akitoka kuswali, fukara kutoka Yemen alimwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Kwa ukarimu kama huo alipewa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa hiba.

Msikiti Mkuu wa Kilwa, ambao sultani huyo anahesabiwa kuwa ndiye aliyeupanua, bado umesimama na kuba zake. Aliyesoma kisa kile hawezi kuupita mlango wake kwa haraka.

Jambo moja humsumbua msomaji. Nakala ya Ibn Battuta inayosomwa sana inasema Kilwa ni mji uliojengwa kwa miti, ilhali mbele yake zimejaa kuta za mawe. Hapo ndipo kitabu cha pili kinapohitajika. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa katika miaka ya 1960, akachapisha matokeo mwaka 1974 kwa majuzuu mawili yenye ramani na michoro tele. Kutokana na kazi za wachimbaji kama yeye tunajua kwamba mawe yalikuwa ya misikiti, majumba na nyumba za wenye uwezo. Watu wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo, nazo hazikubakiza kuta za kupigwa picha. Msafiri na mchimbaji hawagombani. Kila mmoja ameona upande wake wa mji.

Michoro hiyo ndiyo inayoifungua Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 lililo juu ya mwamba, mashariki mwa mji wa kale. Lina vyumba zaidi ya 100, ua mpana unaodhaniwa kuwa wa biashara, na birika la kuogelea lenye pembe nane. Ukisimama ukingoni mwa birika hilo unaona jinsi mafundi walivyochonga pembe zake kwa uangalifu, na bahari iko chini yako. Inaelekea jumba halikumalizika kabisa, wala halikukaliwa kwa muda mrefu.

Peter Garlake, aliyetoa mwaka 1966 kitabu juu ya usanifu wa kale wa Kiislamu wa pwani hii, humfundisha msomaji kutazama jiwe lenyewe. Matumbawe yaliyokatwa baharini yakiwa mabichi huwa laini, yakachongwa mihrabu na vizingiti vya milango, kisha yakikauka huwa magumu. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe ya nchi kavu na chokaa. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazina urefu mkubwa, vyumba vikawa vyembamba na virefu. Mwenye kulijua hilo hulitambua katika kila gofu kuanzia Songo Mnara hadi Gedi.

Lamu nayo ina kitabu chake. Usam Ghaidan alichapisha mwaka 1975 utafiti wa mji huo, akizichora nyumba kuanzia daka hadi chumba cha ndani chenye zidaka za lipu, faragha ikizidi kila unapoingia. Unguja ina kumbukumbu za Bibi Salme, binti wa sultani aliyekuja kuitwa Emily Ruete, zilizotoka Berlin mwaka 1886. Ua wa jumba la Mtoni anaousimulia ulikuwa na tausi na paa. Leo kumebaki magofu. Beit al-Ajaib, jumba jingine la Unguja, la mwaka 1883, lilibomoka kwa sehemu Desemba 2020, na kwa msiba huo kila maelezo na kila mchoro wa majengo ya zamani umezidi thamani.

Vingi vya vitabu hivi vimeandikwa kwa lugha za kigeni na si rahisi kuvipata madukani. Wachapishaji wetu wana deni hapa. Walimu wa historia wa Lindi, Lamu na Unguja wangevifurahia kwa Kiswahili, na watoto wanaoishi jirani na magofu hayo wangevifurahia zaidi. Msomaji anayepanga kwenda asisubiri: aulize maktaba ya chuo kikuu iliyo karibu naye, asome kurasa za Kilwa, anakili ramani ya Husuni Kubwa, kisha achukue kibali Kilwa Masoko na kuvuka kwa mashua asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali.