Namba wiani na zisizo wiani: jinsi ya kuzitofautisha

Watoto wengi wa Bungu, Nyamisati na vijiji vingine vya Kibiti husoma hesabu kwa Kiswahili katika shule ya msingi. Wakiingia sekondari, somo hilo hilo linageuka kuwa la Kiingereza. Mada moja inayowasumbua mapema ni kutofautisha namba wiani na namba zisizo wiani. Wengi hukariri majina tu, kisha hupoteza alama kwenye swali ambalo si gumu. Leo tunaieleza mada hiyo kwa Kiswahili, ili mzazi, kaka au dada aweze kumsaidia mwanafunzi nyumbani.

Namba wiani ni ipi?

Neno hili linakwenda pamoja na neno uwiano. Namba wiani ni ile inayoweza kuandikwa kama sehemu: namba nzima juu, namba nzima chini, na ya chini isiwe sifuri. Pishi moja ina vibaba vinne, kwa hiyo kibaba ni 1/4 ya pishi. Hiyo ni namba wiani. Namba 5 nayo ni wiani, maana ni sawa na 5/1. Hata 2.5 ni wiani, kwa kuwa ni 5/2.

Sasa tuseme ndugu watatu wanagawana sawasawa kilo 100 za mpunga. Kila mmoja anapata kilo 33.333..., na hizo 3 haziishi. Hapa wanafunzi wengi hujikwaa, wakidhani kwamba namba isiyoisha si wiani. Hapana. Ni wiani, kwa sababu ni 100/3.

Cha kukumbuka ni hiki: desimali ya namba wiani ama inafika mwisho, ama inarudia kundi lile lile la tarakimu bila kukoma. Gawa 1 kwa 7 kwenye karatasi. Kila hatua, baki inaweza kuwa 1, 2, 3, 4, 5 au 6 tu. Baada ya hatua chache, lazima baki iliyokwisha kutokea itokee tena, na jibu nalo linaanza upya: 0.142857142857...

Na isiyo wiani?

Chora chini mraba wenye upande wa mita 1. Pima kwa kamba kutoka kona moja hadi kona ya mkabala. Kwa kanuni ya Pythagoras, urefu huo ukizidishwa kwa wenyewe unatoa 2. Ni namba gani hiyo? Jaribu kwenye kikokotoo cha simu. 1.41 mara 1.41 ni 1.9881, haijafika. 1.42 mara 1.42 ni 2.0164, imepita. Ongeza tarakimu kadiri upendavyo, utakaribia 2 lakini hutaipata kamili.

Sababu ni hii. Chukua sehemu iliyorahisishwa hadi mwisho, kama 7/5. Izidishe kwa yenyewe: 49/25. Kama juu na chini hakukuwa na namba kubwa kuliko 1 inayogawa zote mbili, kuzizidisha kwa zenyewe hakuwezi kuileta. Kwa hiyo jibu linabaki sehemu, haliwi namba nzima kama 2. Basi kipeuo cha pili cha 2 hakiandikiki kama sehemu. Si wiani, na desimali zake, 1.41421356..., haziishi wala hazina kundi linalojirudia daima.

Mtego wa 22/7

Ukigawa mzingo wa gurudumu la baiskeli kwa kipenyo chake, unapata pai. Shuleni tunatumia 22/7, na mwanafunzi anahitimisha kuwa pai ni wiani. Lakini 22/7 ni makadirio tu. Yenyewe ni 3.142857..., wakati pai ni 3.141592... Mwanahisabati Lambert alithibitisha katika miaka ya 1760 kwamba pai si wiani.

Mafundi wanalijua kwa vitendo

Fundi akiweka msingi wa chumba cha mita 3 kwa 3, umbali wa kona hadi kona ni mita 4.2426... Hakuna alama ya tepu inayoangukia hapo kamili. Ndiyo maana akikagua skweya hupima mita 3 upande mmoja wa kona, mita 4 upande wa pili, kisha huvuta tepu kati ya alama hizo mbili. Ikisoma 5, kona imenyooka. 9 na 16 ni 25, na kipeuo chake ni 5 kamili.

Ukikutana na namba, jiulize:

1. Je, ni namba nzima au sehemu ya namba nzima mbili? Ni wiani.
2. Je, desimali inaisha, au inarudia kundi lile lile? Ni wiani.
3. Je, ni kipeuo cha pili cha namba nzima? Kikitoka kamili, kama cha 9 au 16, ni wiani. Kisipotoka kamili, kama cha 2, 3, 5 au 10, si wiani.
4. Je, ni pai? Si wiani.

Tahadhari moja kuhusu simu. Kioo kinaonyesha tarakimu chache, kisha nafasi inaisha. Kilichoisha ni kioo, si namba. Mwambie mwanafunzi wako asiamue kwa kuangalia kioo. Aulize kwanza namba hiyo imetoka wapi.