Tela ya Pikipiki: Pima Breki Kabla ya Kupima Injini

Wakulima wa mashamba ya makazi, siku hizi pikipiki imekuwa kama punda wa pili wa nyumba. Upande wa Mbumbuni, katika Makueni, inabeba maji, mbolea, ndengu na maembe. Wengine wenu mmeanza kufikiri kuifungia tela nyuma, ili safari mbili ziwe moja. Jambo hili lawezekana, lakini lina masharti yake, na asiyeyafuata aweza kupoteza mzigo, pikipiki na maisha kwa siku moja.

Neno la kwanza la kukumbuka ni hili: injini huvuta, lakini breki ndizo zinazosimamisha. Pikipiki ndogo yaweza kupanda kilima polepole na mzigo mzito. Ikianza kuteremka, mzigo ule ule huisukuma kutoka nyuma, na tela ndogo kwa kawaida haina breki zake. Basi usiulize, "Je, itavuta?" Uliza, "Je, nitaweza kuisimamisha?"

UZITO WA MZIGO

Katika Uingereza sheria imeweka mpaka. Tela pamoja na mzigo wake isizidi theluthi mbili za uzito wa pikipiki, wala isizidi kilo 150 hata kama pikipiki ni kubwa. Upana wake usipite mita 1. Na pikipiki yenye injini ya cc 125 au chini yake hairuhusiwi kuvuta tela kabisa. Hiyo si sheria yetu, lakini ni kipimo kizuri cha kujifunzia.

Tufanye hesabu. Tuseme pikipiki yako ina kilo 120. Theluthi mbili ni kilo 80. Kama tela tupu ina kilo 30, mzigo uliobaki ni kilo 50. Mtungi wa lita 20 una maji ya kilo 20. Basi mitungi miwili yatosha, wa tatu umezidi. Gunia la ndengu la kilo 90 halimo kabisa katika hesabu hii. Mzigo wa namna hiyo ugawe, au utumie gari la punda, au pikipiki ya magurudumu matatu iliyoundwa kwa kubeba mizigo.

KIUNGO

Usichukue gari la punda ukalifunga kwa kamba kwenye keria. Keria imewekwa kubeba mzigo kutoka juu, si kuvuta. Kiungo kishikwe na fremu ya pikipiki yenyewe, tena kiwe chini, karibu na usawa wa katikati ya gurudumu la nyuma. Kikiwa juu, tela huivuta pikipiki kichwa-juu wakati wa kupanda.

Tena, pikipiki hulala upande inapokata kona, lakini tela ya magurudumu mawili hailali. Kwa sababu hiyo kiungo lazima kigeuke kushoto na kulia, kiinuke na kushuka, na pia kizunguke. Kisipozunguka, tela itaishika pikipiki isilale, nawe utatoka nje ya barabara. Mwambie fundi wa kuchomea vyuma maneno haya kabla hajaanza kazi. Mwisho, weka mnyororo wa akiba chini ya kiungo, ili kikikatika tela isiende peke yake kwa watu.

KUPAKIA

Vitu vizito viwe chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Sehemu kama moja ya kumi ya uzito wa tela iegemee kwenye kiungo. Tela ya kilo 80 iegemeze kama kilo 8. Mzigo ukilemea nyuma, tela huanza kuyumba kama mkia, na mwendo ukiongezeka kuyumba huongezeka. Ikianza hivyo, usikanyage breki kwa nguvu. Punguza mafuta taratibu, shika usukani sawasawa, mwendo upungue wenyewe. Mitungi ijazwe mpaka juu na kufungwa, maana maji yanayochezacheza huitikisa tela.

BARABARANI

Mwendo ukiwa maradufu, umbali wa kusimama baada ya kushika breki huwa mara nne. Kwa hiyo nenda polepole, hasa penye marram na changarawe. Katika mteremko ingiza gia ndogo tangu juu, uache injini isaidie breki. Wako wanaozima injini kwenye mteremko ili kuokoa petroli. Tabia hii ni mbaya siku zote, na ukiwa na tela ni hatari kubwa. Shika breki zote mbili taratibu kabla ya kona, wakati pikipiki imesimama wima.

Katika kona pitia mbali kidogo, kwa kuwa tela hukata kona kwa ndani. Penye mchanga wa mto, shuka utafute msaada wa kusukuma. Mvua ikinyesha juu milimani, usivuke. Mtu yeyote asipande juu ya tela, hata mtoto, na dereva avae kofia ya chuma. Nyuma ya tela weka taa na vibao vyekundu vinavyong'aa, kwa sababu tela yaweza kuificha taa ya pikipiki.

SHERIA

Sheria ya Trafiki ya Kenya inataka tela iandikishwe kama magari mengine. Kabla ya kumlipa fundi, waulize NTSA kama tela ya namna hiyo itakubaliwa, na uulize kampuni yako ya bima pia. Kuuliza kwanza kuna gharama ndogo kuliko kujibu mashtaka baadaye.

Ukiisha kutimiza hayo yote, jizoeze kwanza na tela tupu mahali tambarare pasipo watu, kisha na mtungi mmoja. Usikimbilie mzigo kamili. Safari mbili zinazofika ni bora kuliko moja inayoishia bondeni.