Mbabula ya Kukunja kwa Watu Wakaao Hemani

Bwegera iko katika uwanda wa Ruzizi, kando ya barabara itokayo Uvira kwenda Bukavu. Watu wa barabara hii wanajua maisha ya hema. Katika miaka ya 1994 hadi 1996 uwanda huu ulikuwa na kambi za wakimbizi wa Rwanda na Burundi. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira, ukabomoa nyumba nyingi, na wenye nyumba wakatafuta pa kulala. Mwezi wa Februari 2025 maelfu ya watu wa Kivu ya Kusini walivuka Ruzizi kwa kukimbia vita, wengi wakalala katika kiwanja cha mpira cha Rugombo, upande wa Burundi. Tena wako wanaolala hemani kwa siku chache tu, kama wageni wa mkutano mkubwa wa kanisa, au jamaa za mgonjwa waliofunga turubai karibu na hospitali.

Wote hawa wanahitaji moto. Bugali haiivi bila moto, na mtoto aliyenyeshewa mvua anataka kuota. Basi mama anachukua mbabula yake, anatia makala, na mvua ikianza anaiingiza hemani. Hapo ndipo hatari inapoanza. Katika somo hili tutaeleza hatari hiyo, kisha tutaonyesha namna ya kutengeneza mbabula inayokunjwa, nyepesi kwa safari, inayofaa kwa mtu akaaye hemani.

KWA NINI MAKALA HUUA

Kuni mbichi zina moshi. Macho yanawasha, mtu anakohoa, anatoka nje. Kuni zinatuonya zenyewe. Makala hayaonyi. Yakiungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hii haionekani kwa macho, haina harufu, haikohozi mtu. Mahali pa wazi upepo huichukua. Lakini ndani ya hema haina pa kwenda, inazidi kuongezeka.

Sumu hii inaharibu kazi ya damu. Damu huchukua oksijeni, ndiyo sehemu ya hewa inayotupa uzima, na kuipeleka katika moyo na ubongo. Fikiri gari linalochukua abiria Uvira na kuwaleta Bwegera. Kaboni monoksidi ni mtu mbaya anayeingia kwanza na kushika viti. Naye hushika kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200. Gari linatembea kama kawaida, lakini abiria tunayemngojea hakupata kiti. Vivyo hivyo moyo unapiga, kifua kinapumua, lakini ubongo unakosa oksijeni.

Mwaka 1895 daktari mmoja wa Skotlandi, John Scott Haldane, aliandika habari za majaribio aliyoyafanya katika mwili wake mwenyewe. Alivuta hewa hii kidogo kidogo, akaona miguu inalegea na akili haifanyi kazi sawasawa. Alifundisha wachimbaji wa makaa ya mawe wachukue ndege wadogo shimoni, kwa sababu ndege hulegea upesi kabla ya mtu. Katika mashimo ya Uingereza desturi hiyo ilidumu mpaka mwaka 1986. Lakini sisi hatuna ndege wa namna hiyo hemani. Na mtu aliyelala haamshwi na sumu hii. Usingizi wake unazidi tu kuwa mzito.

MANENO AMBAYO WATU HUSEMA

Wengine husema, “Makala yamekuwa mekundu, moshi umekwisha, sasa ni salama.” Sivyo. Makala mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kutoa sumu. Hata yakifunikwa majivu yanaitoa.

Wengine husema, “Nitaacha mlango wazi kidogo.” Haitoshi. Turubai ya plastiki haipitishi hewa, na wakati wa mvua watu huweka udongo juu ya pindo zake ili maji yasiingie. Mlango ukiwa wazi kidogo sumu inabaki ndani.

Wengine huweka sufuria ya maji karibu na mbabula, wakisema maji yatanywa sumu. Maji hayainywi.

Zaidi ya sumu kuna hatari ya moto wenyewe. Turubai ikishika moto inayeyuka na kudondoka juu ya watu. Ndiyo maana wanaopanga kambi wanafuata kanuni kwamba kati ya kibanda na kibanda paachwe nafasi isiyopungua meta 2, tena kila meta 300 paachwe uwazi wa meta 30 ili moto usivuke.

MBABULA YENYEWE

Mbabula ya kukunja ina sehemu hizi: mabati manne ya ubavu, chekecheke moja ya kuwekea makala, vyuma vinne vya kupitisha, na vigingi vinne. Fundi wa vyuma aweza kuitengeneza kwa siku moja.

Kwanza, chagua chuma. Tumia bati jeusi la pipa la zamani. Usitumie bati jipya la kuezekea nyumba, kwa kuwa limepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi unaoleta homa na kifua kubana. Tena fundi asikate pipa lililokuwa na esansi kabla halijaoshwa vizuri na kujazwa maji, kwa maana mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka mbele ya uso wake. Pipa lililokuwa na dawa ya kuulia wadudu lisitumiwe kabisa.

Pili, kata mabati manne, kila moja upana wa sentimeta 20 na kimo cha sentimeta 18. Toboa matundu matatu katika kila ukingo wa kusimama. Unganisha mabati yote manne kwa pete za waya mnene, yawe kama sanduku lisilo na kifuniko wala kitako. Pete zisikazwe sana. Ukisukuma pembe moja, sanduku litalala bapa kama katoni tupu, urefu wake sentimeta 40.

Tatu, katika bati la mbele kata mlango wa hewa chini, upana wa sentimeta 10 na kimo cha sentimeta 5. Juu ya kila bati kata pengo la upana wa sentimeta 10 na kina cha sentimeta 2. Mapengo hayo ni ya lazima. Sufuria ikikaa juu ya mbabula bila nafasi, moto unakosa pumzi, makala yanaungua vibaya, na sumu inazidi.

Nne, toboa matundu katika mabati mawili ya kando, sentimeta 6 kutoka chini. Pitisha humo vyuma viwili, vya namna ile ambayo wajenzi hutia katika saruji, kila kimoja urefu wa sentimeta 40. Vitatokeza sentimeta 10 kila upande. Juu ya vyuma hivyo, ndani ya sanduku, laza chekecheke, ndilo bati nene la sentimeta 19 kwa 19, lililotobolewa matundu mengi ya upana wa kidole kidogo. Chekecheke hili linabeba makala, tena linazuia sanduku lisijikunje wakati wa kupika. Vyuma viwili vingine vilazwe juu, kutoka pembe hadi pembe ya upande ule ule, vibebe sufuria ndogo. Vifanyie vijishimo vidogo katika ukingo ili visiteleze.

Tano, tengeneza vigingi vinne vya chuma, urefu wa sentimeta 25, vyenye kichwa kilichopindwa kama cha kigingi cha hema. Mahali unapopika, kila kigingi kishike ncha ya chuma cha chini, ukipige kwa jiwe mpaka kiingie ardhini.

Usiache vigingi hivi. Kila mama anajua kwamba kusonga bugali kunataka nguvu. Mbabula nyepesi huyumba, sufuria humwagika, na mtoto aliyekaa karibu huungua kwa maji ya moto. Mbabula iliyopigiliwa haiyumbi. Tena ina faida ya pili. Giza likiingia na baridi ikaanza, mtu aliyechoka hawezi kuinyakua na kuiingiza hemani pamoja na makala yake. Imefungwa nje, na nje ibaki.

Mbabula hii haina kitako, na hilo si kosa la fundi. Majivu na cheche zinaanguka juu ya udongo. Haikutengenezwa kukaa juu ya mkeka.

Ukimaliza kupika, mwaga maji juu ya makala polepole kutoka kando, ukijihadhari na mvuke. Ngoja chuma kipoe kabisa. Kisha ng'oa vigingi, toa vyuma na chekecheke, laza sanduku bapa, tia yote katika mfuko mmoja. Makala yaliyobaki usiyaweke hemani siku ile ile. Yaweza kuonekana meusi nje, kumbe ndani yangali na moto.

MAHALI PA KUPIKIA

Pika nje, meta 3 au zaidi kutoka hema lako na la jirani. Angalia upepo unakokwenda, ili cheche zisielekee kwenye turubai.

Mama atauliza, “Na mvua je?” Swali hilo ni la haki, kwa sababu katika uwanda wetu mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka. Jibu ni kujenga pamoja jiko la jirani kumi: nguzo nne, paa la juu la majani au bati, bila ukuta hata mmoja. Chini ya paa hilo mbabula nne au tano zaweza kupigiliwa. Wanaume wa kambi au wa kanisa wakishirikiana, kazi hiyo inakwisha kwa siku moja. Ikiwa hakuna jiko la namna hiyo, wanawake wataingiza mbabula hemani hata tukiwafundisha kila juma. Kwa hiyo kazi hii isiachiwe wanawake peke yao.

Kwa baridi ya usiku tumia njia nyingine. Wanaotoka milimani juu ya Lemera au Minembwe wamezoea kulala karibu na moto, lakini nyumba ya nyasi inapitisha hewa kidogo, na turubai haipitishi. Tandika majani makavu chini ya mkeka, kwa sababu ardhi huiba joto la mwili. Watoto walale pamoja. Mtoto mchanga akae kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe nguo moja. Moto wa kuota uwe nje, watu waote kabla ya kulala, kisha uzimwe.

DALILI NA MSAADA

Mtu aliyevuta sumu ya makala huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, miguu hulegea, maneno yake huchanganyika. Wengi husema, “Ni malaria.” Angalia mambo matatu. Je, watu wote wa hema wameugua pamoja, saa ile ile? Je, hawana homa? Je, wakikaa nje wanapata nafuu? Ikiwa ndivyo, na kulikuwa na makala ndani, fikiri sumu kwanza.

Fanya hivi upesi. Vuta pumzi nje, ingia, fungua au pasua turubai, toa watu. Usikawie ndani, usije ukaanguka wewe pia. Ukiweza, waite wengine wakusaidie. Aliyezimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu. Asiyepumua, mpulizie pumzi mdomoni na kubonyeza kifua, kama ulivyofundishwa. Usimpe maziwa wala dawa ya kienyeji kinywani.

Kisha mpeleke hospitali, hata akisema amepona. Kwa hewa ya kawaida nusu ya sumu huchukua saa 4 au 5 kutoka katika damu. Kwa oksijeni ya hospitali, kwa kifuniko cha uso, huchukua kama saa 1 na nusu. Mama mwenye mimba aende hata akiumwa kichwa tu, kwa sababu sumu hukaa zaidi katika damu ya mtoto aliye tumboni kuliko katika damu ya mama. Mwambie mganga wazi: “Tulikuwa na makala ndani ya hema.” Asipojua hilo, aweza kutibu ugonjwa mwingine.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Kwa nini makala mekundu yasiyo na moshi ni hatari hemani?
2. Kwa nini hatutumii bati jipya la kuezekea?
3. Vigingi vinne vina faida gani mbili?
4. Dalili gani zinaonyesha sumu ya makala wala si malaria?
5. Katika mtaa wako, nani atachimba mashimo ya nguzo za jiko la mvua, na siku gani?

Swali la tano lisijibiwe kwa maneno tu. Kabla ya mvua, jembe liwe limeingia ardhini.